Megawati Hizi Zitakuwa Wapi Saa Moja na Nusu Usiku?

Nilipoteuliwa kuingia katika kamati ya kuandaa mpango wa kulihamisha shirika la umeme la taifa kutoka kwenye mafuta na makaa ya mawe kwenda kwenye nishati jadidifu, nilikuwa nimekwisha kutumia miaka mingi ndani ya chumba cha kuongoza gridi, na kwa hiyo nilijiona mjuzi. Kikao chetu cha kwanza kilikuwa cha majedwali. Mshauri mwelekezi alituonyesha megawati za jua zitakazojengwa, megawati za upepo, na za maji zilizopo tayari, kisha akazijumlisha zote chini ya mstari mnene, na jumla ile ikayapita mahitaji ya nchi nzima kwa mbali. Wakubwa waliitikia kwa vichwa. Ndipo mhandisi mmoja wa zamu, mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na ambaye sidhani kama alikuwa amewahi kusema neno katika kikao cha ngazi ile, akaomba nafasi na kuuliza: "Ndugu Mwenyekiti, megawati hizi zitakuwa wapi saa moja na nusu usiku?"

Hakuna aliyemjibu siku hiyo. Mwenyekiti alimshukuru, akasema hoja imepokelewa, na kikao kikaendelea na kipengele kilichofuata. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba swali lile ndilo lililopaswa kuandikwa kwenye jalada la mpango wetu, kwa kuwa karibu kila kosa tulilolifanya baadaye, na karibu kila kosa nililolisoma kutoka kwa wenzetu wa nchi nyingine, lilitokana na mtu mwenye mamlaka kutolijibu.

Kwa asiyewahi kukaa katika chumba cha kuongoza gridi, yafaa nieleze kwanza kinachotazamwa mle ndani. Ukutani kuna tarakimu moja inayotawala nyingine zote, nayo ni masafa ya mfumo, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, ambayo katika nchi nyingi yanatakiwa kukaa kwenye hezi 50. Umeme unaotumika sekunde hii ni lazima uwe unafuliwa sekunde hii hii; hakuna ghala kubwa katikati linalopokea ziada na kuitoa baadaye. Matumizi yakizidi uzalishaji, masafa hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Na yakitoka nje ya mipaka michache, vifaa vya ulinzi huanza kujitoa kimoja baada ya kingine ili kujiokoa, mpaka nchi inabaki gizani. Opereta wa zamu halali macho kwa sababu ya megawati zilizofungwa. Hulala macho kwa sababu ya tofauti ndogo kati ya kinachoingia na kinachotoka, na tofauti hiyo huwa kali zaidi jioni, jua linapozama wakati uleule ambao watu wanarudi majumbani na kuwasha kila kitu.

Liko jambo jingine ambalo mitambo ya zamani ilitufanyia bure, na kwa kuwa ilikuwa bure hatukuwahi kulipa jina wala bajeti. Rota ya mtambo wa mvuke, yaani sehemu yake inayozunguka, ina uzito wa tani nyingi na huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Mtambo mwingine unapoanguka ghafla mahali fulani, rota zote zilizobaki huendelea kuzunguka kwa uzito wake wenyewe, zikitoa sehemu ya nguvu iliyohifadhiwa katika mzunguko huo, na hivyo masafa hushuka polepole badala ya kuporomoka. Sekunde zile chache ndizo zinazowapa mabwawa muda wa kufungua milango ya maji. Paneli ya sola haina rota. Inaingia kwenye gridi kupitia inverta, ambayo ni kifaa cha kielektroniki kinachofuata mapigo kinayoyakuta. Ukiondoa rota na kuweka inverta bila kufanya jambo jingine lolote, umeongeza megawati na kupunguza uvumilivu wa mfumo kwa tendo moja.

Ndiyo maana naamini kwamba kiongozi anayelihamisha shirika la umeme la taifa ana kazi moja iliyo ngumu kuliko kununua mitambo: anapaswa kubadili kile ambacho shirika linakihesabu kuwa kazi yake. Kwa miaka mingi tulijiita wafuaji wa umeme, tukajipima kwa uniti tulizofua. Sasa kufua kunaweza kufanywa na karibu kila mtu, pamoja na mwenye nyumba aliyeweka paneli juu ya bati. Kinachobaki kwa shirika la taifa, ambacho hakuna mwingine anayeweza kukibeba, ni kusawazisha.

Mfano unaotajwa zaidi katika makongamano ni ule wa Denmark, nami niliutaja mara nyingi kabla sijauelewa. Kampuni ya DONG, iliyoundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha kampuni sita za nishati huku serikali ikiwa mwanahisa mkuu, ilikuwa ikitegemea makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ilipokuwa inakaribia mwisho wa muongo ule, ilitangaza kwamba ingegeuza uwiano wake: kutoka asilimia 85 ya nishati ya visukuku na asilimia 15 ya nishati safi hadi kinyume chake, ndani ya kizazi kimoja, ikilenga mwaka 2040. Lengo hilo lilifikiwa mwaka 2019. Katikati yake kampuni iliuza biashara yake ya mafuta na gesi mwaka 2017, ikabadili jina na kujiita Ørsted, kwa heshima ya mwanasayansi Hans Christian Ørsted aliyegundua mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira.

Simulizi hiyo husemwa kana kwamba ilikuwa safari ya maono tu. Ukiisoma kwa makini utakuta kwamba kabla ya hapo wakazi wa Ujerumani kaskazini walikuwa wamekataa mtambo wa makaa wa megawati 1,600 ambao kampuni hiyo ilitaka kuujenga kwao, na mradi ukafutwa mwaka 2009. Na kwamba mwaka 2012 bei za gesi zilipoiweka kampuni pabaya kifedha, mtendaji mkuu mpya, Henrik Poulsen, aliingia akilazimika kuuza mali nyingi na kuchagua machache ya kuyashikilia. Upepo wa baharini ulichaguliwa kwa kuwa kampuni ilikuwa na uzoefu ambao wengine hawakuwa nao: shamba la kwanza la upepo baharini duniani, lenye mitambo 11, lilijengwa huko Vindeby mwaka 1991. Tena, bei ya gesi ilipopaa kutokana na vita vya Ukraine, serikali ya Denmark iliiagiza kampuni hiyo mwaka 2022 iendelee kuweka tayari baadhi ya mitambo yake ya makaa na mafuta hadi katikati ya mwaka 2024. Mtambo uliopangiwa kufa ukaitwa tena kazini. Sioni aibu katika hilo. Naona onyo kwa kila anayebomoa ghala la zamani kabla ya kuhesabu mavuno ya jipya.

Lakini kasoro kubwa ya mfano wa Denmark, kwa mtu aliyekalia kiti kama changu, ni kwamba Ørsted haiongozi gridi. Kazi ya kusawazisha nchini humo iko mikononi mwa Energinet, shirika jingine la umma, ambalo lina nyaya nene kuelekea Norway, Sweden na Ujerumani. Upepo ukitulia Denmark, mabwawa ya Norway hujibu. Kumwambia kiongozi wa shirika la taifa linalofua, linalosafirisha na linalosambaza kwa pamoja kwamba aige Ørsted ni kumpa nusu ya hadithi, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Mfano uliotufaa zaidi ulitoka Uruguay. Nchi hiyo haina mafuta, gesi wala makaa yake yenyewe, na katika miaka ya ukame, mabwawa yake yalipopungua maji, ilinunua mafuta na umeme wa jirani kwa gharama iliyoitikisa bajeti yote. Mwaka 2008 mwanafizikia Ramón Méndez alikabidhiwa uongozi wa idara ya taifa ya nishati, na kufikia mwaka 2010 vyama vyote vilivyokuwa bungeni vilikuwa vimekubaliana kuhusu sera moja ya muda mrefu. Nimelisoma tukio hilo la makubaliano mara nyingi kuliko takwimu zenyewe. Mwekezaji anayeweka fedha zake kwa miaka 20 hataki kujua nani ni waziri leo. Anataka kujua kama waziri wa kesho ataheshimu sahihi ya wa leo. Shirika lao la taifa, UTE, lililoanzishwa mwaka 1912, halikuvunjwa wala kuuzwa. Lilibaki na njia za kusafirisha na kusambaza umeme, likaendesha minada, likasaini mikataba ya miaka 20 na wazalishaji binafsi, na pembeni likajenga mashamba yake ya upepo. Ndani ya takribani muongo mmoja, upepo ulitoka karibu na sifuri ukafikia kiasi cha theluthi moja ya umeme wote.

Kilichofanya jambo hilo liwezekane kiufundi kilikuwa maji. Upepo ukivuma, opereta hufunga milango ya bwawa na maji hubaki yakisubiri. Upepo ukitulia, huifungua. Bwawa likageuka kutoka kuwa mtambo wa kufua na kuwa betri. Nilipoliona hilo kwenye michoro yao ya saa kwa saa, nilimkumbuka yule mama wa zamu. Saa moja na nusu usiku, megawati za Uruguay ziko nyuma ya ukuta wa bwawa, zimewekwa pale na upepo wa mchana.

Hapa sharti niseme jambo kuhusu maji ambalo sisi wenye mabwawa hupenda kulikwepa. Neno "jadidifu" lina maana ya kitu kinachojirudisha, lakini halisemi kitajirudisha lini. Zambia, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na maji, ilijikuta mwaka 2024 katika mgawo wa umeme wa saa nyingi kila siku baada ya ukame kulishusha ziwa Kariba hadi karibu na kiwango ambacho mitambo haiwezi kuvuta maji. Bwawa lile, lililokamilika mwaka 1959, lilisanifiwa kwa kumbukumbu za mto Zambezi za zama zile. Katika kamati yetu kulikuwa na mkurugenzi aliyekataa katakata kuuona ukame kama hatari ya kupangiwa, kwa hoja kwamba mabwawa yetu ni "umeme wa kijani" tayari na kwa hiyo hayahusiki na mpango wa mpito. Mwaka uliofuata kina cha maji kilishuka, nasi tukakodi majenereta ya dizeli kwa mkataba wa dharura ambao sitaki kuueleza zaidi ya hapo.

Kenya walilitatua jambo hilo kwa kuchimba. Olkaria ilianza kutoa umeme wa jotoardhi mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na leo jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme wa nchi hiyo, mchana na usiku, mvua inyeshe au isinyeshe. Kinachonivutia zaidi ni nani aliyebeba hatari. Kisima cha jotoardhi hugharimu mamilioni ya dola na kinaweza kutoka kikavu. Mwekezaji binafsi hukimbia hatua hiyo, au huiwekea bei inayoua mradi. Serikali ya Kenya iliibeba yenyewe, na mwaka 2008 ikaanzisha kampuni maalumu ya kuendeleza jotoardhi, ambayo huchimba kisha huwauzia wengine mvuke. Fedha za umma zinatumika vizuri pale ambapo hofu ya mtu binafsi ni kubwa kuliko hatari yenyewe.

Hata hivyo ni Kenya hiyo hiyo iliyotupa funzo chungu kuhusu nyaya. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, lenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, lilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme wake, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikamilika mwaka 2018. Katika muda ule wa katikati upepo ulivuma, mapanga yakawa tayari kuzunguka, na mkataba ukataka mzalishaji alipwe kwa umeme ambao angeweza kuutoa. Hakuna aliyefanya uovu kwenye hesabu hiyo. Ndivyo mikataba ya namna hiyo inavyoandikwa, kwa sababu benki isingetoa mkopo bila kinga ile. Ila wateja wakalipia umeme ambao haukuwahi kufika.

Sababu ya nyaya kuchelewa ni ileile karibu kila mahali. Shamba la paneli hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili. Njia ya msongo mkubwa hupita kwenye mashamba na makazi ya maelfu ya watu, kila mmoja akiwa na haki ya fidia, na huchukua miaka mingi. Kwa hiyo kiongozi anayeelewa mambo huanza na nyaya. Lakini jaribuni kumshawishi mheshimiwa yeyote akate utepe kwenye kituo cha kupoza umeme! Sijawahi kuona kalenda yenye picha ya transfoma. Paneli zinazong'aa hupigwa picha. Relei za ulinzi, yaani vifaa vinavyohisi hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, mifumo ya kutabiri mawingu, na programu mpya za chumba cha kuongoza gridi hukaa ndani ya makabati ya chuma, na bajeti zake ndizo za kwanza kukatwa. Katika mpango wetu nilishuhudia fungu la kuboresha mfumo wa utabiri likiondolewa ili kuongeza eneo la paneli, nami niliyekuwa mjumbe sikupinga kwa sauti ya kutosha.

Gharama ya kupuuza makabati hayo ilionekana Australia Kusini tarehe 28 Septemba 2016. Dhoruba iliangusha nguzo za njia kuu, volteji ikayumba mara kadhaa mfululizo, na mashamba tisa ya upepo yakapunguza uzalishaji kwa megawati 456 ndani ya sekunde chache. Mitambo hiyo haikuharibika. Ndani ya programu zake mlikuwa na mpangilio uliosema kwamba baada ya idadi fulani ya misukosuko ijitoe, na waongozaji wa gridi hawakujua kwamba mpangilio ule upo. Njia ya kuunganisha jimbo hilo na jirani yake ikazidiwa, na jimbo zima likazimika. Wapo waliorukia kusema upepo ndio wenye hatia. Wapo waliojibu kwamba ni dhoruba peke yake. Wahandisi walifungua programu, wakabadili mpangilio, na mwaka uliofuata jimbo likawa na betri ya megawati 100 inayojibu kwa sehemu ya sekunde. Mwaka 2021 wakafunga mashine nne kubwa zenye rota nzito zinazozunguka bila kufua umeme wowote, kazi yake ikiwa kurudisha ule uzito ambao mitambo ya zamani ilikuwa ikiutoa bure.

Hispania na Ureno nazo zilizimika mchana kweupe tarehe 28 Aprili 2025, na uchunguzi ukaonyesha mporomoko ulioanzia kwenye volteji iliyopanda kupita kiasi, huku mitambo ikijitoa mmoja baada ya mwingine. Tena swali la jua na upepo likarudi mitandaoni kama mchezo wa ushabiki. Kwa mtu wa chumba cha gridi swali lilikuwa jingine: nani alikuwa amepewa wajibu wa kudhibiti volteji saa ile, kwa mashine ipi, na kwa malipo gani? Huduma isiyo na bei wala mwenye wajibu haitolewi, na hili ndilo jambo ambalo mikataba yetu mingi ya kuuziana umeme haikuliandika. Tulinunua uniti tu.

Nikifika kwenye fedha, naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo mpango wetu ulipokwama kwa muda mrefu zaidi. Mtambo wa dizeli ni rahisi kuununua na ni ghali kuulisha. Shamba la upepo au la jua ni kinyume chake, kwani karibu gharama yote hulipwa kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa. Gharama ya umeme wa jua wa mashamba makubwa ilishuka kwa takribani asilimia 85 kati ya mwaka 2010 na 2020, kwa hesabu za shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, na watu wengi wakahitimisha kwamba kazi imekwisha. Lakini kama gharama yote inalipwa mwanzoni, basi bei ya mwisho inaamuliwa na riba. Paneli ileile, chini ya jua lilelile, hutoa umeme wa bei nafuu mikononi mwa anayekopeshwa kwa riba ndogo na umeme wa bei kubwa mikononi mwa anayekopeshwa kwa riba kubwa.

Riba hupandishwa na hofu, na mkopeshaji akilitazama shirika la umeme lenye madeni ya taasisi za serikali yasiyolipwa, lenye upotevu mkubwa njiani na mita zisizosomwa, lenye bei iliyoshikiliwa chini ya gharama kwa sababu uchaguzi u karibu, ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo, ajabu ilioje, kazi yetu ya kwanza ya maana katika nishati jadidifu haikuhusu jua wala upepo. Ilikuwa kukusanya madeni. Mkuu mmoja wa idara ya fedha, mtu mkavu asiyependa hotuba, alitumia mwaka mzima akizizungukia ofisi za umma na ankara mkononi, na nathubutu kusema kwamba alishusha bei ya umeme wa jua kuliko mshauri yeyote tuliyemlipa.

Kisha kuna miaka ya katikati, ambayo hakuna jedwali la mshauri linaloionyesha. Wakati mitambo mipya inaingia, ya zamani bado ina mikataba, na mingi ya mikataba hiyo inalipa uwezo: iwashwe au isiwashwe, mwenye mtambo analipwa kwa kuwa tayari, mara nyingi kwa dola. Shirika linalipa mara mbili kwa muda. Ikiwa kiongozi hatasema hivyo hadharani tangu mwanzo, na kueleza nani atabeba mzigo huo kati ya hazina, mteja na wabia, mzigo utamwangukia mteja kimyakimya kwa njia ya bei. Pakistan imeuonyesha mwisho wa njia hiyo. Malipo ya uwezo yalipandisha bei, wenye uwezo wakanunua paneli zao wenyewe kwa wingi wa kushangaza, takribani gigawati 17 ziliingizwa nchini mwaka 2024 pekee, na gharama zilezile za mikataba zikabaki kugawanywa kwa wateja wachache zaidi, ambao wengi wao ni wale wasioweza kumudu paneli. Sitamlaumu aliyeweka paneli juu ya paa lake. Amefanya hesabu sahihi. Shirika ndilo linalopaswa kumpa sababu ya kubaki, kwa kumuuzia kile ambacho paa haliwezi kumpa baada ya jua kuzama.

Nimebakiza watu. Mpango wetu uliwaita "rasilimali watu zitakazoathirika", katika aya moja ya ukurasa wa mwisho. Afrika Kusini, kituo cha makaa cha Komati, kilichoanza kazi mwaka 1961, kilizimwa moja kwa moja tarehe 31 Oktoba 2022, na Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa karibu dola milioni 500 ili eneo hilo lipewe paneli, upepo, betri na mafunzo kwa wafanyakazi. Nia ilikuwa njema na karatasi zilikuwa nzuri. Lakini mtambo ulizimwa kabla ya mbadala wake kusimama, na mji ulioishi kwa ajili ya kituo kile ukajikuta ukisubiri. Ukiangalia, ni swali lilelile la yule mama, ila limeulizwa kwa binadamu: megawati za zamani zimeondoka, sasa wewe utakuwa wapi jioni?

Wala hili si la huruma peke yake. Fundi aliyesikiliza beringi za mtambo wa mvuke kwa miaka 25 anajua mambo ambayo hayakuandikwa popote: jinsi mashine inavyopumua mzigo unapobadilika, relei ipi hudanganya wakati wa mvua, njia ipi huning'inia joto likizidi. Gridi inayopoteza rota zake inamhitaji mtu huyo kuliko wakati mwingine wowote. Kwetu sisi, kikundi cha kwanza kilichopelekwa mafunzoni kujifunza betri na inverta kilijaa wahitimu wapya, vijana hodari wa kompyuta, na hakikuwa na hata mtu mmoja wa kituo cha zamani. Tulilirekebisha hilo katika awamu ya pili baada ya malalamiko, na awamu ya pili, yenye mchanganyiko wa vijana na wazee wa mitambo, ndiyo iliyogundua kwamba mpangilio wa ulinzi kwenye shamba letu jipya la jua ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji bila kurekebishwa kwa gridi dhaifu kama yetu. Tulikuwa na kosa la aina ileile ya Australia likisubiri dhoruba yake.

Mwaka jana nilialikwa kukitembelea kituo kimojawapo tulichokipangia kufungwa. Mabomba ya makaa yalikuwa yamekatwa, tanuri limepoa, na bomba la moshi halikuwa na chochote juu yake isipokuwa ndege. Lakini ukumbi wa mitambo ulikuwa na ngurumo. Jenereta moja ilikuwa imetenganishwa na turubaini yake na kubadilishwa iwe mashine ya kusawazisha, kama ilivyofanyika Huntington Beach huko California mwaka 2013: inavuta umeme kidogo kutoka kwenye gridi ili iendelee kuzunguka, inashika volteji, na uzito wa rota yake unazishikilia zile sekunde chache ambazo mfumo unazihitaji mtambo unapoanguka. Haifui uniti hata moja, na katika vitabu vyetu vya zamani ingehesabiwa kuwa hasara tupu. Fundi aliyekuwa kando yake alikuwa ni yuleyule niliyemfahamu tangu siku za makaa, ameinamisha sikio karibu na beringi, daftari la mitetemo mkononi. Nilimuuliza kama kazi imebadilika. Akatazama saa ukutani, ilikuwa inakaribia saa moja jioni, akaniomba radhi kwamba hana muda wa mazungumzo kwa sasa kwa kuwa jua linazama, na wenzake wa chumba cha gridi wangepiga simu wakati wowote.